Ruhusa ya Marehemu

Siku Eustace Kashindye alipozikwa, marehemu mwenyewe alizungumza. Waombolezaji wote wa kijiji cha Ntalikwa walimsikia, na wengi walicheka mpaka wakashika mbavu. Ni mmoja tu aliyeyachukua maneno yale, akaenda nayo nyumbani na kuyaweka moyoni. Huyo alikuwa binti yake, Vestina.

Mgeni asiyejua mambo ya Unyamwezini angepigwa na butwaa, kwa hiyo tuliweke sawa mapema. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakikutana kwenye njia ya pwani, huyu kabeba pembe begani, yule anampokea na kumcheka miguu yake iliyojaa vumbi. Misafara iliisha, utani ukabaki. Mnyamwezi akifa, mtani wake Mzaramo ana haki ya kuja msibani na kufanya vituko ambavyo mtu mwingine akivifanya atafukuzwa kwa fimbo: kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe jogoo, kulia kilio cha uongo, kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza. Na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Mtani wa Eustace alikuwa Mzee Lukumani, aliyekuja Tabora ujanani kufanya kazi reli, akazeekea mjini akiuza milango ya kale. Siku ile alivaa koti la kahawia la marehemu, akaketi kwenye kiti chake cha kukunja karibu kabisa na kaburi, akakohoa kile kikohozi cha Eustace cha kusafisha koo kabla ya kutoa amri. Watu wakaanza kucheka hata hajasema kitu. Akamgeukia Justini, mdogo wa marehemu, akamuuliza pampu ya baiskeli itarudi lini. Akawakemea vijana waliochimba kaburi kwamba wamempimia mtu mfupi. Kisha akamtafuta Vestina kwa macho.

Vestina alikuwa mkekani pamoja na wanawake, uso umekauka, macho makavu. Tangu afike kutoka shuleni hakuwa ametoa hata chozi moja, na wanawake walikwisha anza kunong'ona.

"Vestina!" aliita yule mtu wa koti, na ilikuwa sauti ya Eustace, mkwaruzo wake na uchovu wake. "Wewe na milango yako! Haya, nimechoka kubishana na wewe. Nenda. Nenda kasome hiyo sanaa yako, nimekuruhusu. Ila ukiniletea mkwe mchora picha, nafufuka!"

Kicheko kilichopasuka pale kilifika barabarani. Vestina naye alicheka, na katikati ya kicheko akaangua kilio, kilio kikubwa cha kugaragara, mpaka mama yake Consolatha akaja kumshika mabega. Wanawake walipumua. Walisema mtani amefanya kazi yake, mtoto sasa analia kama watu.

Mabishano yenyewe hayakuwa utani hata kidogo. Eustace alikuwa mkulima wa tumbaku na mfugaji wa nyuki, na kila alipopeleka asali mjini alimpakia Vestina kwenye baiskeli, akamwacha uani kwa Lukumani, mtaa wa Gongoni, mpaka amalize mauzo. Uani pale milango iliyong'olewa kwenye nyumba za kale ilikuwa imeegemezwa ukutani ikingoja wanunuzi wa mahoteli ya Dar na Unguja. Watoto wengine wangecheza. Vestina alikuwa akipitisha kidole kwenye michongo, mlango kwa mlango, huku akimsikiliza Lukumani akipiga chuku mbele ya wateja. Kila mlango ulikuwa na sultani wake, na bibi harusi wake aliyelia nyuma yake. Mlango mmoja ungeweza kuwa na masultani watatu kwa wiki, kutegemea mteja.

Haikumchukua muda mrefu kugundua kwamba mlango fulani wa enzi za Waarabu ulinuka lori. Lukumani alikuwa na mtindo wa kununua mlango mpya kwa fundi, kuupaka oili chafu, kuufukia kwenye tope mvua zikinyesha, na kuufukua umezeeka. Mtoto alipomuuliza mbona mlango wa sultani unanuka gereji, alicheka akampa kipande cha muwa. "Utafune na unyamaze," alimwambia. "Usiniharibie biashara."

Tangu hapo macho ya Vestina yalijifunza. Alijua mlango wa kweli huchakaa pale mikono ya watu ilipousukuma, na chini pale mvua ilipourukia, na si kwingine. Na palikuwa na mlango mmoja ambao Lukumani hakuwahi kuuza kwa sababu ulikuwa mbaya. Aliyeuchonga alitaka kuweka ua la pwani kama yale ya milango ya Bagamoyo, lakini ni wazi hakuwahi kuliona ua lenyewe. Alisimuliwa tu na mtu aliyepita na msafara. Likatoka limenyooka na kupanuka, linafanana na jani la tumbaku. Wengine waliucheka mlango ule. Vestina aliuonea huruma, na baadaye akaupenda, na alipofika kidato cha tano alikuwa bado anajiuliza yule mchongaji alikuwa nani, alichonga kwa ajili ya nani, na kama alijua kuwa amekosea. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Pale bwenini wenzake walizungumzia wanamuziki na wavulana. Yeye akianza habari za mlango walimwangalia, kisha wakaendelea na zao.

Halafu akaja shuleni mwanachuo kutoka Dar kwa mazoezi ya kufundisha, msichana aliyeitwa Flavia, akamwambia mambo hayo yana jina. Yanaitwa historia ya sanaa, na kuna chuo kinayafundisha mpaka shahada. Vestina hakulala vizuri wiki ile nzima. Hakuwahi kufikiri kwamba duniani kuna watu wengine wenye ugonjwa wake, na kwamba wamejengewa darasa.

Likizo ilipofika alimweleza baba yake. Eustace alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza, halafu akasafisha koo.

"Yaani ukae darasani miaka mitatu uambiwe nani alichonga mlango," alisema. "Aliyechonga alikuwa na kazi, Vestina. Wewe utakuwa na nini?"

"Baba, nitakuwa nimejua."

"Kujua hakupikwi. Utasoma ualimu."

Walibishana likizo nzima, mezani, shambani, hata njiani kutoka kanisani. Siku ya kurudi shule kwa mtihani wa mwisho Vestina alipanda bodaboda bila kuaga sawasawa. Alisema "haya, baba" akiwa ameangalia upande mwingine. Eustace aliugua mitihani ikiwa inaendelea, na familia ikafanya kama familia nyingi zinavyofanya: ikamficha mtoto asije akachanganyikiwa. Alipotoka kwenye chumba cha mtihani wa mwisho, baba mdogo Justini alikuwa amesimama getini, kofia mkononi, na Vestina akajua kabla hajaambiwa.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba aliyashika maneno ya mtani. Alikuwa na haja nayo. Na alikuwa na hoja pia, si kwamba alijidanganya hivi hivi: Lukumani ndiye aliyekuwa karibu na hospitali ya mkoa, ndiye aliyempelekea Eustace uji kila asubuhi, ndiye aliyekaa naye mwishoni wakati Consolatha amerudi nyumbani kuangalia mifugo. Kama Eustace alibadili mawazo kitandani pale, angemwambia nani mwingine? Na mtani angefikishaje ujumbe kama si kwa mtindo wa mtani? Vestina aliligeuza jambo hilo pande zote, kila upande akaliona linakaa vizuri.

Miezi iliyofuata aliishi na sauti ile. Akiwa anachota maji alikuwa akizungumza na baba yake kimoyomoyo, akimweleza habari za vyuo, na baba alimjibu kwa sauti ya siku ya mazishi, ile ya uchovu na kukubali. Hakumwambia mtu. Mama yake alikuwa amezama kwenye ujane wake, akipika kidogo na kusema kidogo, na ndugu walikuja Jumapili na kuondoka. Nyumba ilikuwa na watu wawili waliompenda mtu mmoja, na kila mmoja alikuwa naye peke yake, chumba chake.

Matokeo yalitoka mazuri. Aliomba ualimu, kwa heshima, na akaomba historia ya sanaa. Mwezi wa tisa simu ikamletea ujumbe kwamba amechaguliwa kote kuwili, na kwamba athibitishe chuo kimoja kabla muda haujafungwa, la sivyo atakosa vyote. Hapo ndipo ikabidi familia ikae.

Walikaa barazani: Consolatha, Justini na yeye. Justini alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, na kwa kuwa sasa ndiye baba, alianza kwa kupongeza, akaendelea kwa kupongeza, kisha akafika kwenye jambo. "Kaka alitaka ualimu. Hilo tunalijua sote. Thibitisha ualimu, tumalize."

"Baba aliniruhusu," alisema Vestina.

"Lini?"

"Siku ya mazishi. Mlikuwepo wote."

Justini alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Lukumani? Mwanangu, yule ni mtani! Siku ile ile aliniambia nimeiba pampu!"

"Pampu ilikuwa kwako, baba mdogo."

Hapo Justini alijikuna kisogo, maana pampu kweli ilikuwa kwake. Vestina akaitumia nafasi hiyo kueleza yote aliyoyapanga moyoni, habari za hospitali, za uji, za mtu wa mwisho kukaa na baba. Alieleza vizuri. Alipomaliza aliona kwamba mama yake amenyanyua uso, na kwamba kuna kitu usoni pale ambacho hakikuwapo tangu msiba: alikuwa anataka iwe kweli.

"Mlete aseme," alisema Consolatha. "Akija hapa akasema mwenyewe, bila koti la mume wangu, mimi sina neno. Nitakusindikiza mpaka stesheni."

Asubuhi yake Vestina alikwenda mjini. Alipita mitaa aliyoijua kwa milango kuliko kwa watu, na nyumba nyingi alizozikumbuka sasa zilikuwa na mageti ya chuma yaliyopakwa rangi ya fedha. Hakukutana na mtu wa kumsalimu mpaka akafika Gongoni. Lukumani alikuwa uani ameinama, kopo la oili mkono mmoja, brashi mkono wa pili, anauzeesha mlango.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mpagazi! Leo umetua wapi mzigo? Au Ntalikwa karanga zimekwisha mmeanza kuja kuomba?"

"Karanga zipo. Tunangoja Wazaramo waje kuzimenya, wakimaliza kucheza ngoma."

Alifurahi sana kwa jibu hilo, akamvutia kigoda, akamuuliza habari za mama, na Vestina akajibu yote kwa utaratibu. Kisha akamweleza kilichomleta. Alieleza kwa furaha kidogo, kama mtu anayekuja kuchukua kitu chake alichokiacha mahali pa salama: vyuo viwili, kikao cha familia, na neno moja tu linalohitajika kutoka kwa mtani.

Lukumani aliendelea kutabasamu kwa muda, akingoja mwisho wa kichekesho. Alipoona haufiki, aliiweka brashi chini.

"Vestina," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina isipokuwa siku ile ya mazishi. "Uliyaamini?"

Vestina aliitazama brashi pale chini.

"Ule ulikuwa utani, mwanangu."

"Najua ulikuwa utani. Lakini alikuambia."

Mzee alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na ilikuwa wazi kwamba anatafuta jinsi ya kusema. Mtu huyu aliyekuwa na hadithi kwa kila mlango wa Tabora alikosa hata moja.

"Aliniambia," alisema hatimaye. "Alikuwa anakuzungumzia kila siku. Alisema, 'Lukumani, nikifa, mwambie yule mtoto asome ualimu. Ana kichwa, asije akakipoteza kwenye mbao za watu waliokufa. Mwambie nimekataa, na nimekataa kwa sababu nampenda.' Ndivyo alivyosema. Nami nilikuja Ntalikwa nimelibeba hilo neno."

"Mbona hukulisema?"

"Nikakuona mkekani pale. Mkavu. Nikasema, huyu akiambiwa hivi leo, anavunjika. Mtani haji msibani kuvunja watu, anakuja kuwafanya walie na wacheke ili waweze kula. Nikaligeuza. Nilijua kila mtu anajua kwamba ni mzaha." Akamtazama. "Kila mtu alijua."

Vestina alikaa pale kwenye kigoda na hakuna kilichobadilika uani. Kuku walikuwa wakiparua, redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Alichokifikiria hakikuwa chuo. Alifikiria njia ya kwenda kuchota maji. Miezi yote ile, kila alipouliza na kujibiwa, kila alipolalamika na kutulizwa, kumbe alikuwa akizungumza na Lukumani. Baba yake hakuwa amesema naye neno hata moja tangu siku ile ya bodaboda. Uchungu wa jambo hilo ulimpata upya kabisa, ukawa mbaya kuliko wa kaburini, kwa sababu kaburini alikuwa na watu.

Lukumani alitupa kitambaa kando. Alivuta kigoda chake karibu.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi naweza kuja. Kesho, Jumapili, siku unayotaka wewe. Nitavaa kanzu yangu, nitakaa mbele ya mama yako na yule Justini, nitasema marehemu aliniambia amekuruhusu. Nitaapa. Nani atanipinga? Tulikuwa wawili tu chumbani. Nimeuza milango mingi kwa maneno, huu nitautoa bure. Mama yako atafurahi. Wewe utaenda ukasome. Na Eustace..." Alisita. "Eustace ni mtani wangu. Nikifika huko nitayamaliza naye."

Wacha tuseme ukweli, Vestina aliufikiria uongo ule, na aliufikiria kwa uzito. Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa na shahidi, ulikuwa na sababu, na haukumdhuru mtu. Aliuona uso wa mama yake ulivyonyanyuka barazani. Aliona stesheni, na mama akiwa amejifunga kitenge kipya. Karibu aseme ndiyo.

Macho yake yakaangukia ule mlango uliokuwa ukizeeshwa. Kwa mbali ulipendeza. Mteja atausimamisha hotelini na wageni watapiga nao picha, na hakuna atakayeumia. Lakini yeye alikuwa anajua, na angejua kila siku ya masomo yake, kila atakapofungua mdomo kuuliza kitu hiki ni cha nani na kimetoka wapi, kwamba yeye mwenyewe amekwenda pale kwa neno lililopakwa oili.

"Hapana, mtani," alisema. "Ahsante. Usije."

"Utawaambia nini?"

"Alichosema."

"Watakukatalia!"

"Nafahamu."

Lukumani alimsindikiza mpaka barabarani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na hakumtania hata neno moja njiani. Hilo nalo lilimuuma Vestina. Ukiona mtani wako amekosa la kukutania, ujue mambo yako ni mabaya.

Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, akikata viazi vitamu na kuvianika juu ya mkeka kwa ajili ya michembe. Vestina alichukua kisu, akaketi, akaanza kukata naye. Walikata kwa muda.

"Amesema anakuja lini?" aliuliza Consolatha.

"Haji, mama. Ulikuwa utani tu. Baba alikataa. Alimwambia Mzee Lukumani aniambie kwamba amekataa, na yeye akaligeuza pale msibani kwa kunionea huruma."

Kisu cha mama kilisimama, kisha kikaendelea.

"Basi ualimu," alisema.

"Hapana, mama. Nimesikia alichokitaka baba. Nakwenda kusoma historia ya sanaa. Sina ruhusa ya mtu. Nakwenda tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo hivyo, na lilipotoka lilisikika dogo, kama limesemwa na mtu aliye chumba cha pili. Alitegemea kukaripiwa. Alitegemea machozi. Consolatha alikata kiazi kizima mpaka kikaisha, akavipanga vipande mkekani kimoja kimoja, na alipozungumza alihamia Kinyamwezi, lugha aliyoitumia neno likiwa zito.

"Kwa nini hukuniambia amekubali?"

"Mama?"

"Ungerudi hapa useme Lukumani kathibitisha. Mimi ningemuuliza nani? Nisingeuliza. Ningekufungia mizigo, ningekusindikiza, ningepiga vigelegele stesheni watu wakanishangaa. Nilikuwa nimekwisha jiandaa." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Vestina. "Badala yake umeniletea neno la mwisho la mume wangu. Sikuwapo alipokufa, Vestina. Hilo ndilo neno pekee nililoletewa. Sasa unataka nilikanyage?"

"Sikutaka kukudanganya."

"Nimeona." Akachukua kiazi kingine. "Sikulaani. Mtoto halaaniwi kwa kusema kweli. Lakini siwezi kukubariki kwenda mahali alipokukataza. Nenda, kama unakwenda. Usiniombe niwepo."

Mtandao kule Ntalikwa unapatikana vizuri ukipanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Vestina alikwenda akapanda, akaingiza namba aliyotumiwa, akathibitisha. Jibu lilirudi upesi likimpongeza na kumkaribisha chuoni. Alilisoma, akalisoma tena, akaangalia huku na huku kwa mazoea ya mtu aliyepata habari njema. Palikuwa na mbuzi wawili na mabua ya mahindi ya msimu uliopita. Akashuka.

Justini alifoka wiki nzima, kisha akachoka, kisha akaja na begi la magurudumu alilolinunua mwenyewe, akaliacha mlangoni bila kubisha hodi. Consolatha hakufoka. Alipika, aliuliza kama chumvi imetosha, alilala mapema. Walikuwa na adabu sana wao kwa wao, kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja.

Siku ya safari Vestina aliamka akakuta uji uko mezani, umefunikwa kwa sahani, bado wa moto. Jembe la mama halikuwapo kwenye kona yake. Ulikuwa msimu wa vitalu vya tumbaku, kazi ya asubuhi ipo kweli, lakini si asubuhi kiasi kile. Vestina alikunywa uji wote. Akaosha kikombe, akakaa kidogo, akatoka nje kuangalia upande wa kitalu. Alimwona mama yake kwa mbali, ameinama, amempa mgongo. Alifikiri kumwita. Bodaboda ikapiga honi barabarani, naye akaenda.

Stesheni ya Tabora ilikuwa imefurika. Treni ya kutoka Kigoma ilikuwa imechelewa, kwa hiyo kila msafiri alikuwa amepata muda wa kuzungukwa na watu wake vizuri. Kulikuwa na akina mama waliobeba madumu ya asali, na wajomba wanaotoa ushauri usioulizwa. Wanafunzi kadhaa wa vyuo walikuwa wakipigwa picha na ukoo mzima. Vestina alisimama kando ya begi lake na ndoo yake mpya, na kila aliyempita alimwomba amwangalizie mzigo, kwa sababu alionekana ni mtu asiye na shughuli.

Aliingia behewani mapema akapata kiti cha dirishani. Mbele yake alikuwa amekaa bibi mmoja mnene kutoka Urambo, Bi Sakina, anayekwenda kumwona mjukuu Morogoro. Kabla treni haijatingishika alikwisha toa maandazi, akamwekea mawili mkononi, na kuanza maswali.

"Unakwenda chuo, binti?"

"Ndiyo, bibi."

"Mashallah. Kusoma nini?"

"Historia ya sanaa."

Bi Sakina aliitafuna hiyo pamoja na andazi, akaimeza bila shida. "Vizuri. Na nani amekusindikiza? Sijaona mtu dirishani kwako."

Treni ilipiga honi. Nje, watu walianza kukimbia sambamba na mabehewa, wakishika mikono iliyotolewa madirishani, wakirusha maneno ya mwisho. Vestina aliwaangalia. Alikuwa ameukataa uongo mkubwa, wenye shahidi na kiapo, na hakuwa na majuto juu ya hilo.

"Mama," alisema. "Amerudi sasa hivi, ana kazi shambani."

"Mungu amweke," alisema Bi Sakina. "Amefanya vyema kuja. Safari ya kusindikizwa na mama ni nyepesi."

"Ni kweli, bibi," alisema Vestina, na kwa kuwa yule bibi alikuwa bado anamwangalia, alitoa mkono dirishani akaupungia umati, mpaka stesheni ikaisha.